Pasaka, Pentekoste, Vibanda: Mkristo wa Unguja na Pemba azisome vipi sikukuu za Wayahudi? (Uzi mrefu)

Mtoa mada

Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zangu Waislamu mliomo humu, asalaam aleikum.

Uzi huu ninao moyoni tangu 2024. Mwaka ule Pasaka yetu iliangukia 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Tulitoka kanisani mchana na nguo mpya, Mji Mkongwe umetulia, migahawa imefungwa. Bibi mmoja wa usharika wetu, mtu mzima sana, akanishika mkono pale mlangoni: "Mwalimu, nasikia Wayahudi Pasaka yao bado, mpaka mwezi ujao. Sasa aliyekosea nani, wao au sie?" Nikampa jibu la haraka ambalo halikunitosha hata mie mwenyewe. Nikaenda kusoma. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa ajili yake, na kwa kila anayefundisha vijana wa kipaimara visiwani.

Nianze na mwezi, maana bila ya mwezi Walawi 23, sura inayopanga sikukuu za Israeli, haifunguki. Pasaka ni jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, Nisani. Vibanda vinaanza siku ya 15 ya mwezi wa saba. Nani hapa asiyeujua mwezi wa kumi na nne? Ule mpevu, unaotembea nao bila ya tochi, na baharini maji ni ya bamvua. Israeli walitoka Misri usiku wa mbalamwezi, na mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu karne nyingi baadaye walikwenda kwa mwanga huohuo.

Zamani mwezi uliandama kwa kuonekana. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi uliokamilika kama mwaka 200, inaeleza mashahidi walivyofika mbele ya baraza na kuhojiwa mmoja mmoja: uliuona upande gani wa jua? Ulikuwa juu kiasi gani? Ulielekea wapi? Rabani Gamalieli, mkuu wa baraza, alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ukutani, akiwaonesha mashahidi wasio wajuzi: uliona huu, au huu? Baraza likikubali, moto ukawashwa mlima hadi mlima kuwaarifu walio mbali, mpaka wapinzani walipoanza kuwasha mioto ya uongo, ndipo wakatumwa wajumbe. Aliyewahi kukaa Zanzibar usiku wa 29 anasubiri tangazo, huku mtaa wa pili unasema umeonekana na wa tatu unasema bado, haya hahitaji kuelezwa.

Mwaka wa mwezi una siku 354. Ukiuacha uende peke yake, kila mwaka unatangulia kiasi cha siku 11, ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote. Torati lakini inataka Pasaka iwe wakati shayiri inapokomaa, kwa hiyo Wayahudi huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. 2024 ulikuwa mwaka wa kuongeza. Kanisa la Magharibi nalo hushika Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata hapo. Mwezi ulipevuka 25 Machi, tukasherehekea 31. Wao wakangojea mpevu wa pili, na Pasaka yao ikaingia jioni ya 22 Aprili. Bi mkubwa wangu, hakuna aliyekosea. Ni hesabu mbili zilizotoka nyumba moja.

Kisha kuna jambo ambalo lugha yetu imetupa bure. Wazee wetu wanasema "usiku wa Ijumaa" wakikusudia usiku unaoitangulia Ijumaa, kwa sababu siku inaingia magharibi. Biblia inahesabu vivyo hivyo. Kwa hiyo Yesu alikula na wanafunzi wake usiku wa Ijumaa, akafa Ijumaa, yote ndani ya siku moja. Na saa tuliyoandikiwa, saa tisa, ndiyo saa tisa yetu ya alasiri; msomaji wa Kiswahili hapigi hesabu yoyote. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kuwa kondoo wa Pasaka walichinjwa Hekaluni kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Yohana anapoweka kusulubiwa siku ya Maandalio ya Pasaka, anataka tuyasikie hayo mawili pamoja: uani kwa Hekalu visu vinafanya kazi, na nje ya mji Yeye anakata roho. (Mathayo, Marko na Luka wanaifanya karamu ya mwisho kuwa yenyewe ndiyo Pasaka. Wataalamu wanabishana mpaka leo, na mie sioni haja ya kuficha kwamba injili zinatofautiana hapo.)

Sasa lililonifanya niandike. Tunapofundisha Pasaka tunakimbilia kusema "mwana-kondoo ni Yesu", tukafunga daftari. Ni kweli, Paulo amesema wazi katika 1 Wakorintho 5:7: Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo. Lakini Pasaka ni sikukuu ya watumwa waliotoka. Ukiwaondoa watumwa, mwana-kondoo anabaki picha tu ya ukutani.

Na sie tunasalia wapi? Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Soko la watumwa la hapo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale, na Askofu Edward Steere akalisimamia mpaka likaezekwa. Altare, kwa mapokeo yetu, imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Wageni huonyeshwa kiduara cha marumaru kwenye sakafu, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini watu waliosimama pale nje wamefungwa shingo kwa shingo walikuwa wakingojea Kutoka 12 yao. Na haikuja siku moja: soko lilifungwa 1873, utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka Aprili 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Miaka 24 soko halipo na watumwa wapo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Walawi 23 haikomei Pasaka. Kutoka Misri ni jambo la usiku mmoja. Kuwa watu huru kunataka siku 50 za kuhesabu mpaka Pentekoste, na jangwa baada yake.

Marabi waliagiza kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Visiwani agizo hilo halitutaki tuende mbali. Mengine tuendelee kwa michango yenu.

Mkaazi wa Mwanakwerekwe

Mwalimu, umefanya kazi, lakini mbona unaturudisha kwenye nira? Wakolosai 2:16-17 iko wazi: mtu asituhukumu kwa sababu ya sikukuu, au mwandamo wa mwezi, au sabato, "mambo hayo ni kivuli cha mambo yajayo, bali mwili ni wa Kristo". Na Wagalatia 4 Paulo anawalilia walioanza kushika siku na miezi. Tuna mwili, kivuli cha nini tena?

Mtoa mada

Ndugu yangu, aya hiyo naipenda kuliko unavyodhani, na neno "mwandamo wa mwezi" naliona kama limeandikwa kwetu. Kiswahili cha Biblia kimetokana kwa sehemu kubwa na pwani hii. Biblia nzima ya Kiunguja ilikamilika 1891, kazi aliyoianza Steere mwenyewe, na ile ya Muungano ya 1952 ikachota Kiunguja na Kimvita.

Kuhusu kivuli: umekaa barazani jua la alasiri, kikaingia kivuli cha mtu mbele ya mlango. Kabla hajapiga hodi unajua kuna mtu, pengine unajua ni nani kwa mwendo wake. Akishaingia hukumbatii kivuli, unamkumbatia yeye. Lakini aliyekijua kivuli chake atamtambua hata gizani. Paulo anakataza watu kuhukumiana. Hakukataza kujifunza, na yeye mwenyewe katika Matendo 20:16 anafanya haraka afike Yerusalemu kwa Pentekoste.

Msomaji wa Torati

Mimi nazishika, na sioni haya. Walawi 23 inasema ni amri ya milele katika vizazi vyenu vyote. Yesu alizishika. Zekaria 14 mataifa yatapanda kila mwaka kushika Vibanda. Aliyetuondoa huko si Kristo, ni mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325. Kubalini tu kuwa kanisa lilifuata Roma.

Mtoa mada

Nakujibu kwa heshima, kwa sababu nusu ya unayosema ni kweli na inauma.

Mgogoro ni wa zamani kuliko Nikea. Makanisa ya Asia Ndogo yalishika Pasaka siku ya 14 ya Nisani, siku yoyote ya wiki itakayoangukia, na walisema wameipokea kwa Yohana. Kama mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma akazungumza na Aniketo, askofu wa huko. Hawakukubaliana, na bado wakashiriki meza moja ya Bwana, wakaagana kwa amani. Kama 190, Viktor wa Roma akataka kuwatenga watu wa Asia, na Irenaeus wa Lyon akamwandikia amzuie. Nikea ikachagua Jumapili kwa wote. Kuchagua Jumapili ni halali, ndiyo siku ya ufufuo. Kilichonitia huzuni ni lugha iliyofuatana na uamuzi ule, ya kutaka kujitenga na Wayahudi kana kwamba ni uchafu. Miaka 60 baadaye, 386 na 387, Yohana Krisostomo kule Antiokia anahubiri kwa ukali mkubwa dhidi ya Wakristo waliokwenda kwenye sikukuu za sinagogi. Hotuba zile zimetumiwa vibaya karne nyingi. Warumi 11 ilikuwa imeshatuonya sie tusio Wayahudi, matawi ya mzeituni mwitu, tusijisifu juu ya matawi ya asili.

Hapa ndipo tunapoachana: Walawi 23 kama ilivyoandikwa inataka sadaka na makuhani, na tangu Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 hapana anayeweza kuitimiza hivyo, hata Wayahudi wenyewe. Wao walijenga upya ibada zao kwa sala, meza na kitabu, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Mtu wa mataifa, asiye Myahudi, akisema anashika amri ya milele, anashika sehemu. Na mitume katika Matendo 15 hawakututwika mzigo huo. Shika ukipenda, Warumi 14 inakulinda. Usimwambie bibi yangu wa Mkunazini kuwa Pasaka yake ni ya kipagani.

Jirani wa Malindi

Mie Muislamu, naomba radhi kuingia. Hapo kwenye kutoka Misri pamenigusa. Sie tuna Ashura, siku ya kumi ya mwezi wa Muharram. Hadithi inasema Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga, akaambiwa ni siku Mungu aliyomuokoa Musa na Firauni, naye akafunga na akaamrisha ifungwe. Marehemu babu akituambia: shukrani ya kuokoka haina kabila. Endelea mwalimu, tunasoma.

Mtoa mada

Ahsante sana jirani. Karibu uzi mzima.

Ulivyotaja siku ya kumi na funga, watu wa kanisani na waifungue Walawi 16. Siku ya 10 ya mwezi wa saba ni Upatanisho, siku ya kuitesa nafsi. Wayahudi hufunga kama saa 25, bila ya chakula wala maji. Kuhani Mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hiyo peke yake katika mwaka. Mbuzi wawili, mmoja wa sadaka, mwingine akaungamiwa dhambi juu ya kichwa chake na kupelekwa jangwani. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 na 10, umejengwa juu ya siku hii moja. Anayeusoma bila ya kuijua Walawi 16 ni kama anayesikiliza upande mmoja wa simu.

Mvuvi wa Pemba

Nimesoma hadi hapa. Hiyo Vibanda sijaielewa. Watu wana nyumba zao nzuri, wanatoka kulala kwenye banda kwa nini? Mungu anataka nini hapo?

Mtoa mada

Kaka, wewe ndiye mwenye jibu kuliko mie. Si mnakwenda dago, mkapiga kambi ya kuvua mbali na nyumbani?

Mie nimezaliwa karibu na Weti, na baba mdogo alinichukua dago mara moja nikiwa na miaka kumi na moja. Nakumbuka makuti bado mabichi, yananuka, na usiku nikilala chali naona nyota katika upenyo wa makuti mawili ambayo hayakukutana. Ndani hamna kitu: mkeka, sufuria, dumu la maji. Upepo ukivuma banda zima linasema. Mchana baba mdogo alikuwa mtu mwenye nyumba na deni na ugomvi wa mpaka. Dago alikuwa mtu tu, anamngojea Mungu amfungulie bahari.

Sasa sikiliza masharti ya kibanda cha Wayahudi. Paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, kama makuti; kivuli kiwe kingi kuliko jua, na ni vizuri nyota zionekane. Siku 7 wanakula humo na wengine hulala, baada ya mavuno, wakati ghala limejaa. Walawi 23:43 inatoa sababu: vizazi vijue kuwa Mungu aliwakalisha babu zao katika vibanda alipowatoa Misri. Aliyeshiba arudi dago akumbuke anayemlisha.

Na hapo Yohana 7 inawaka. Siku za Vibanda makuhani waliteka maji bwawa la Siloamu kwa birika la dhahabu, wakayamimina madhabahuni, maana mvua za mwaka zilikuwa zinangojewa. Usiku taa kubwa ziliwashwa katika ua wa wanawake. Siku ya mwisho Yesu anasimama na kupaza sauti: mwenye kiu na aje kwangu anywe. Katika sura inayofuata: mimi ndimi nuru ya ulimwengu. Bila ya yale maji na zile taa, maneno hayo ni mazuri tu. Ukizijua, unashangaa watu hawakuanguka chini. Na Yohana 1:14, pale tunaposoma "akakaa kwetu", Kigiriki chake kina neno la kupiga hema. Mungu amekuja dago na sie.

Mvuvi wa Pemba

Hapo nimeelewa. Mungu akubariki.

Kijana wa Fuoni

Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie. Kuna mafundisho kuwa katika sikukuu saba za Walawi 23, nne za mwanzo zimetimia na tatu za mwisho bado, kwa hiyo unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa mbinguni, utakuwa siku ya Baragumu, ile ya kwanza ya mwezi wa saba. Wengine wanataja na mwaka. Mama yangu ameacha kulala vizuri kwa hofu.

Mtoa mada

Marahaba mwanangu. Msalimie mama, mwambie alale.

Mpango wa nne na tatu una uzuri wake: Pasaka ni msalaba, Mikate Isiyotiwa Chachu ni kaburi lisilo na dhambi, Malimbuko ni ufufuo, Pentekoste ni Roho. Paulo mwenyewe anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Wakati wa karafuu kule Pemba, zile za mwanzo zikishachumwa na kutandazwa jamvini, barabara nzima inanukia, na kila apitaye anajua zilizobaki mtini zinakuja. Limbuko ni hilo, dhamana ya mti mzima. Wengi wetu tumefundishwa malimbuko kama bahasha ya Januari tu, na tumepunjwa.

Lakini kuchukua Baragumu na kutoa tarehe, hapana. Andiko halisemi hivyo. Wanaodai kuwa "siku ile na saa ile hakuna aijuaye" ni fumbo la sikukuu hiyo, kwa kuwa iliangukia mwandamo wa mwezi, wanageuza onyo la Bwana kuwa kidokezo. Wote waliotaja mwaka, mwaka umewapita. Na Vibanda na Upatanisho, kama tulivyoona, Yohana na Waebrania wanaviona vimeshaguswa na Kristo, havikuwekwa kabatini vingoje.

Mama wa Kikwajuni

Mwalimu, umoja wa akina mama tunataka Alhamisi Kuu tufanye meza ya Pasaka ya Kiyahudi kanisani, na mboga chungu na vikombe vinne. Inafaa?

Mtoa mada

Mama yangu, nia yenu njema, ila mie nisingeifanya. Meza ile ya leo na kitabu chake, Hagada, ilikua baada ya Hekalu kubomolewa. Hatuwezi kusema ndivyo Yesu alivyokula, hatua kwa hatua. Na ni ibada hai ya watu wengine. Fikirini watu wakiigiza Ekaristi yetu kama onyesho na kutueleza maana yake ya kweli, moyo ungetuuma. Myahudi akiwakaribisha mezani kwake, nendeni kwa furaha.

Nitawaambia tulichofanya na darasa langu, mkikipenda kichukueni. Jumamosi ya kabla ya Matawi tulikwenda jikoni kwa mzazi mmoja. Bakuli moja aliweka unga wa mkate wa kumimina, mchele, nazi na hamira, akalifunika, akaliacha dirishani. La pili unga wa ngano na maji, basi. Nikawaambia: Wayahudi wakishatia maji kwenye unga, wana dakika 18 mkate uwe umeingia motoni, zikipita unahesabika umechacha. Nikaweka saa mezani.

Wale watoto mnawajua, hawatulii kanisani. Pale hapana aliyecheka. Mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja anatoboa kwa uma, binti mdogo ameshika simu anataja dakika kwa sauti. Wa kwanza uliungua. Wa pili ulipotoka kwenye chuma ilikuwa dakika ya 16, mgumu, una madoa meusi, hauna ladha yoyote. Tukaumega. Nikasoma Kutoka 12: wakaule kwa haraka, viuno vimefungwa, viatu miguuni. Kisha mwenye jiko akafunua bakuli la dirishani, limefura mpaka kwenye ukingo.

Yule binti wa simu akaliangalia, akaniuliza: "Mwalimu, watumwa wa hapa Mkunazini, siku walipoambiwa mko huru, waliondoka na nini?"

Sikuwa na jibu. Tukatoka na kipande kilichobaki tukaenda nacho mpaka kwenye lile shimo la nje ya kanisa lenye sanamu za watu wenye minyororo shingoni, tukasimama hapo mpaka alasiri.